JOGOO WA MATOLEO

Sehemu ya Saba

Kama wiki iliyopita ukurasa huu ulifungiwa dagaa kabla hujaufikia, pole, ila usinung'unike. Sogea.

Sabina, kiongozi wa kwaya, tulimwacha studio ya Jabali FM, ghorofani, katikati ya Nyamagana, hedifoni masikioni na jasho mgongoni. Mheshimiwa Luhende, mgombea udiwani wa kata ya Igumbo, alikuwa amechomoa simu mfukoni akaapa kwamba kwaya ya kigango ilimpa wimbo wake kwa hiari, na ushahidi anao. Mtangazaji Chenge akaichukua ile simu. Akabonyeza.

Na sauti iliyotoka, ndugu msomaji, ilikuwa ya Sabina mwenyewe.

“Huo wimbo wa matoleo chukua, upige kwa nguvu, mpaka Busisi wausikie!”

Kimya cha nyumbani ni mapumziko. Kimya cha redio ni msiba. Chenge, kijana ambaye mama yake husema alilia mara moja tu alipozaliwa, kisha akaanza kutangaza, alimtazama Sabina kwa macho yaliyojaa kicheko.

“Dada Sabina, hii sauti unaifahamu?”

“Naifahamu.”

“Ya nani?”

“Yangu.”

“Aaaah!” Mheshimiwa Luhende akajiegemeza kitini, kitambi kikatangulia mbele kama mgeni wa heshima. “Wiki nzima mnaniita mwizi wa nyimbo za kanisa. Haya, niambieni, tangu lini mwizi akakabidhiwa mali na mwenye mali?”

Kando ya Sabina alikaa Katekista Kashindye, mzee aliyetumwa na Paroko kuja kukisemea kigango. Ndiye aliyembatiza Sabina kwa maji ya dharura siku aliyozaliwa na homa, ndiye aliyemfundisha kuimba kwa kugonga kopo. Mzee alizungusha rozari yake vidoleni, haraka haraka, kama anayewahi kivuko.

Chenge akavuta kipaza sauti. “Msikilizaji uliyefungua redio sasa hivi, usiguse kitu! Jumamosi iliyopita, Mheshimiwa Luhende alifanya mkutano wa kampeni mwaloni Igumbo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Sala ikasaliwa, dua ikaombwa. Mara gari la matangazo likapiga wimbo wa kwaya. Si wimbo wowote, ni wimbo wa matoleo! Akina mama wakasimama, wakapanga mstari, wakaja mbele wakicheza na sadaka mikononi. Sato, michembe ya viazi, maboga, na jogoo mmoja. Vyote wakaviweka miguuni pa mgombea. Na mgombea...”

“Nilipokea kwa heshima,” Luhende alidakia.

“...mgombea akainua mikono juu kama padre!”

“Nilikuwa nawapungia wananchi!”

“Picha imeshafika Geita, Mheshimiwa. Watu wameiandika ‘Altare ya Luhende’.”

Sabina hakuwa akiwasikia. Alikuwa akisikia sauti ya mwenyekiti wa walei, ile ya Jumapili iliyopita: kwaya iliyompa mwanasiasa wimbo wa Mungu haiwezi kusimama mbele ya Askofu siku ya kipaimara. Jumapili hii, baada ya misa, halmashauri ya walei inakaa. Sabina asipojieleza, kwaya inafungwa. Kwaya aliyoikuta waimbaji wake wanasinzia wakiwa wamesimama, akaijenga mpaka ikawa inaalikwa Magu na Sengerema, watu wakisukumana madirishani.

Na kujieleza ndiko kulikokuwa kugumu. Kwa sababu yale maneno alimtumia mtu mmoja tu duniani.

Okwach.

Okwach fundi wa spika, mwenye gari la matangazo, kijana wa Shirati, mrefu kama mlingoti, Msabato tangu tumboni mwa mama yake. Sabina akiulizwa kuhusu Okwach hujibu, “Ni fundi tu.” Fundi tu! Sisi tuliouanza naye mfululizo huu tunajua kwamba fundi tu hapelekewi matobolwa ya viazi vitamu kwenye bakuli la kioo.

Akimtaja, kwaya itapona, lakini Mwanza itamla Okwach mzima mzima. Asipomtaja, kwaya inakwenda. Na je, kama kweli yeye ndiye aliyeuza wimbo? Moyo ukamkwaruza kama tairi kwenye mawe.

“Maneno haya ulimtumia nani?” Chenge aliuliza.

“Mtu.”

“Mtu ana jina.”

“Wengine wana mawili.”

“Basi tupe mojawapo!”

“Pokea simu, Chenge. Naona taa inawaka.”

Kweli ilikuwa inawaka. Chenge akapokea.

“Mimi ndiye mwenye jogoo!” sauti ya mwanamke ikavuma bila salamu.

Sabina aliitambua papo hapo. Mama Justa, muuza samaki, sauti ya kwanza kwenye kwaya, mwanamke ambaye akiimba karibu na dirisha, kioo hujihadhari.

“Karibu mayu Justa! Tueleze. Ulimpa Mheshimiwa jogoo kwa kuwa unamuunga mkono?”

“Nani, huyo? Luhende ameniahidi barabara mpaka nimezoea ahadi kuliko barabara. Kura yangu haimjui kabisa.”

“Sasa jogoo alifikaje kwake?”

“Chenge mwanangu, wewe umebatizwa?”

“Nimebatizwa, mama.”

“Wimbo wa matoleo ukipigwa, unafanyaje? Unakaa?”

“Nasimama.”

“Umeona? Sisi tulikuwa tumefumba macho tunasali. Tukaitikia amina. Hatujafumbua vizuri, wimbo huo! Miguu ilikwenda yenyewe. Jogoo nilikuwa nimemkusudia sokoni, nikajikuta nimempeleka mbele kwa vigelegele. Akili iliporudi, jogoo yuko kwapani kwa Luhende na mimi napigiwa makofi!”

Chenge alivua hedifoni akajifuta machozi. “Sasa swali la kitaifa. Jogoo ni wa nani?”

“Wangu,” alisema Luhende. “Nimepewa hadharani.”

“Wa Mungu,” alisema Katekista Kashindye, kwa mara ya kwanza, sauti ikiwa imekauka. “Kilichotolewa kwa wimbo wa Mungu ni cha Mungu.”

“Wangu mimi!” Mama Justa alipiga kelele. “Mungu namfahamu, hana haraka. Nirudishieni jogoo, Jumapili nitampelekea mwenyewe kwa njia inayofaa. Luhende, umeshamchinja?”

“Hajachinjwa! Yuko nyumbani anakula mtama.” Mheshimiwa akakohoa kidogo. “Mke wangu alimtolea macho. Nikamwambia huyu mwache, ana kesi.”

Simu zikamiminika. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja, Malimi wa Buhongwa, mwenye sauti ya mwalimu mstaafu.

“Dini na siasa visichanganywe kabisa! Kanisa ni kanisa, jukwaa ni jukwaa. Huo ndio msimamo wangu, na siutengui.”

“Umesikika, mzee wangu.”

“Nina nyongeza kidogo. Luhende akishinda asisahau bati za kanisa letu.”

Wa pili alikuwa mparuaji samaki wa hapo hapo mwaloni. “Asalaam aleikum. Mimi nasali msikiti wa mwaloni. Siku ile shehe wetu naye alipanda jukwaani akaomba dua. Akamaliza, akashuka, tukaendelea kuparua samaki. Hakuna aliyetoa hata dagaa mmoja. Ndugu zetu, nyie mna wimbo hatari!”

Luhende aliona upepo unamgeukia. Akasogea kwenye kipaza sauti, sauti akaipaka asali.

“Wananchi wenzangu, nchi hii tunafungua kila kitu kwa sala. Kikao cha harusi, sala. Kikao cha wazazi shuleni, sala. Bodaboda wakicheza mpira na wauza mkaa, sala kwanza ndipo refa apulize. Mimi nimemwalika katekista na shehe wafungue mkutano. Nisingewaalika mngesema Luhende hana dini. Nimewaalika, mnasema Luhende anajifanya Mungu. Sasa mnataka nifanyeje?”

Swali zuri. Sabina ndiye aliyejibu, na hakujua kwamba alikuwa na hasira mpaka alipojisikia.

“Kualika hukukosa, Mheshimiwa. Ila uliwaona wale mama wanavyokuja. Uliona macho yao ni ya kanisani. Ulijua kabisa hawaji kwako. Neno moja tu lingetosha, ‘mama zangu, hapa siyo’. Wewe ukanyoosha mikono.”

Luhende akasema taratibu, na safari hii bila asali, “Binti, umewahi kumrudisha mama wa Kisukuma na zawadi yake mkononi? Mbele za watu?”

Sabina hakuwahi. Hakuna aliyewahi akabaki na amani.

“Basi tusihukumiane,” Luhende alisema, asali ikarudi. “Tubaki kwenye ushahidi. Wimbo nilipewa. Sauti si hiyo?”

Hapo ndipo mlango wa studio ulipofunguka kwa kishindo, taa nyekundu ikiwaka, kinyume cha sheria zote za utangazaji.

“Imekatwa!” alihema Okwach. Kichwa chake kilikuwa karibu na feni. “Nimesikia nikiwa barabarani, nimeliacha gari hapo chini linanguruma. Hicho ni kipande! Sauti nzima ninayo hapa, kwenye simu yangu ya kupigia nyimbo, ile inayokaa garini.”

Moyo wa Sabina ukaruka kwa furaha. Hakuuza! Okwach hakuuza!

Kisha ukatua. Kwa sababu alikumbuka kilichomo kwenye sauti nzima.

“Okwach, usi—”

Chenge alishaidaka ile simu. Akabonyeza.

“Okwach, kesho twende na gari lako Sengerema kwenye upadrisho. Huo wimbo wa matoleo chukua, upige kwa nguvu, mpaka Busisi wausikie! Tukishavuka daraja uzime, waimbaji wapumzishe koo. Na wewe nawe acha tabia yako ya kuniangalia kwenye kioo. Juzi umeniangalia, nikaimba ubeti wa tatu kabla ya wa pili, na kwaya nzima ikanifuata.”

Studio ililipuka. Chenge alipiga meza. Nyuma ya kioo, fundi mitambo alikuwa ameinamia mitambo yake mabega yakitikisika. Hata Luhende alicheka mpaka tai ikapinda.

“Wasikilizaji!” Chenge alipaza sauti. “Kumbe wimbo ulikuwa wa safari ya upadrisho! Kwaya haikuuza kitu! Ila kuna jambo la kioo hapa, na Jabali FM italifuatilia mpaka mwisho!”

“Nakiri,” alisema Luhende, akijifuta macho. “Vijana wangu wa mitandaoni waliikuta hiyo simu garini, wakaniletea kile kipande, wakaniambia ‘Mheshimiwa, ruhusa hii hapa’. Nami nikaamini. Kwa hilo naomba radhi.”

Katekista Kashindye aliinamia sikio la Sabina. Kwa jinsi alivyo, hata kunong'ona kwake kuliingia kwenye vipaza sauti vyote. “Binti yangu. Msabato?”

“Ni fundi tu, Baba Katekista.”

“Fundi tu!” Chenge alirudia hewani, kwa raha zake zote.

Sabina alifunika uso kwa viganja. Lakini ndani ya viganja alikuwa akitabasamu. Aibu itapita. Kwaya imepona.

Haraka ya nini, Sabina?

“Limebaki swali moja,” Chenge alisema. “Ruhusa haikuwepo. Sasa huo wimbo mwaloni aliupiga nani? Vijana wa Mheshimiwa wanasema si wao. Okwach, gari ni lako. Ulibonyeza wewe?”

“Jumamosi?” Okwach alishangaa kama aliyeulizwa kama anakula kambare, samaki asiye na magamba. “Jumamosi mimi niko Sabatoni, kaulize. Ijumaa jua likizama, gari silishiki mpaka Jumamosi jua lizame. Spika za Mheshimiwa ziliungua, nikaombwa gari Ijumaa jioni. Nikaona ni mtu wa Mungu, anasema ni la kusalia tu. Nikamkabidhi ufunguo mwenyewe, mkononi, huyu...”

Sabina alifuata macho yake. Macho ya Okwach yalikuwa yametua kwenye rozari. Na rozari ilikuwa imesimama.

Chenge hakuona. Nyuma ya kioo, fundi mitambo alikuwa anapunga mikono yote miwili kwa hofu ya mdhamini. “Usimalize, Okwach! Usimalize! Tukirudi utatutajia jina. Kwanza tusikie habari za unga wa dona.”

Muziki wa unga ukaanza. Chenge akatoka mbio kufuata chai. Luhende akatoka kupokea simu ya chama, maana simu ya chama haisubiri. Wakabaki watatu: Sabina, Okwach na yule mzee.

“Baba Katekista,” Sabina alisema polepole. “Ni wewe?”

Mzee alivua kofia akaiweka magotini.

“Ni kidole, binti yangu.”

“Kidole?”

“Mnajua nyinyi mkialikwa Magu, mkialikwa Sengerema, kigango mnaniachia mimi na spika. Nimalize sala ya waamini, kwaya hakuna. Nafanyaje? Nabonyeza wimbo wenu kwenye simu, watu wanaleta matoleo. Jumapili hadi Jumapili. Ee Bwana utusikie, amina, nabonyeza. Ee Bwana utusikie, amina, nabonyeza.” Alikitazama kidole chake cha shahada kama mbuzi aliyekula mahindi ya jirani. “Siku ile nilisimama mlangoni mwa gari, simu ya nyimbo mkononi. Nikasali vizuri. Watu wote wamefumba macho. Nikasema amina. Na kidole, Sabina, kidole kikaenda chenyewe.”

Sabina alijaribu kujizuia. Naapa kwa niaba yake, alijaribu. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikatoka puani. Okwach naye akageukia ukuta.

“Nilipofumbua macho,” mzee aliendelea kwa huzuni, “mama Justa ameshafika mbele na jogoo. Ningesema nini? ‘Rudini, nimekosea kubonyeza’? Nikasogea pembeni kama mpita njia.”

“Lakini Baba, kwa nini hukumwambia Paroko?”

Hapo mzee hakuwa na mzaha tena. “Paroko aliniruhusu kwa masharti. Sala na kushuka. Alisema ukiongeza hata pambio moja kwenye jukwaa la siasa, unirudishie ufunguo wa kanisa. Kanisa lile nimelibebea mawe kutoka mlimani na mabega haya, Sabina. Asubuhi bila kwenda kulifungua, mimi nitakuwa nani? Mzee wa kumchungia jirani mbuzi. Ila nisikilize. Usinifiche kwa kuiua kwaya. Nilikuwa nautafuta ujasiri tangu Jumapili, na leo nilikuja nao mpaka mlangoni.”

Sabina aliutazama mkono wa mzee, mkono uliogonga kopo, do, re, mi. Akaamua.

“Hatutakutaja. Tutasema simu ilijipiga yenyewe. Mitambo huharibika. Okwach ni fundi, atathibitisha.”

“Siwezi,” Okwach alisema.

“Okwach!”

“Siwezi kushuhudia uongo, Sabina. Kwenu ni amri ya nane, kwetu ni ya tisa, lakini ni ile ile.”

“Leo ndiyo umechagua kuhesabu amri?”

“Si mimi niliyezihesabu.”

“Kijana anasema kweli,” mzee alisema, na kwa mara ya kwanza alimtazama Okwach kama mtu anayemfikiria upya. “Msabato, lakini anasema kweli.”

Mlango ukafunguka. Chenge alisimama hapo, kikombe mkononi, chai inamwagikia viatu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga nyoka.

“Jamani,” alisema. “Ile simu.”

“Simu gani?”

Chenge alinyoosha kidole kwenye pembe ya studio. Pale, juu ya miguu yake mitatu, simu ya kituo ilikuwa imesimama kimya, jicho lake likiwatazama tangu kipindi kilipoanza.

“Redio ndiyo iliyokwenda matangazo,” Chenge alinong'ona. “Mtandaoni tuko mubashara. Hatujatoka hata kidogo.”

Sabina alisogea. Kwenye kioo cha simu, mioyo na nyuso za kucheka zilikuwa zinapanda kama mapovu ya sufuria. Maoni yalipishana. *Katekista usilie, hata mimi ningebonyeza. Amri ni ile ile jamani! Sabina olewa na huyo mrefu. Kidole kitubu, mzee aachwe.*

“Mwanza nzima?” mzee aliuliza.

“Na Musoma,” alisema Chenge. “Kuna mtu anasalimia kutoka Bukoba.”

Wimbo wa unga ukaisha. Taa nyekundu ikawaka. Na kabla Chenge hajakisogelea kipaza sauti, simu ya studio ikaita.

“Tumsifu Yesu Kristo,” ilisema sauti tulivu.

“Milele amina!” waliitikia wote, na Okwach akajikuta ameitikia pia.

Paroko.

“Sabina,” alisema Paroko. “Nimeona. Kwaya haina kosa. Mwenyekiti wa walei yuko hapa pembeni yangu, naye ameona, na amecheka kuliko inavyofaa kwa cheo chake. Kwaya haifungwi. Mtaimba mbele ya Askofu.”

Sabina alishika meza. Kama si hedifoni kumvuta angekuwa amefika darini.

“Ule uongo uliotaka kuusema utauleta kitubioni.”

“Ndiyo, Baba.”

“Na huyo kijana wa amri ya tisa mlete siku moja tumwone.”

“Ndiyo, Baba.” Mwanza ikamsikia akijibu haraka mno.

“Katekista.”

“Naam, Baba.”

“Tulikubaliana nini?”

“Sala na kushuka.”

“Na ukiongeza?”

Mzee Kashindye alikuwa mdogo kwenye kiti chake. “Nirudishe ufunguo.”

“Si kwamba napenda,” Paroko alisema, na ilisikika kweli kwamba hapendi. “Lakini leo nikimwachia mmoja kwa sababu tumecheka, kesho kila jukwaa litakuwa na altare yake. Nakusubiri parokiani.”

Furaha ya Sabina ikageuka mchanga mdomoni. Alitaka kusema, Baba, mwonee huruma. Mtu mwingine alimtangulia.

“Mimi simwachi!”

Mheshimiwa Luhende alikuwa mlangoni. Haijulikani alikuwa amesimama hapo tangu lini, lakini macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mvuvi aliyehisi wavu mzito. Akakivuta kipaza sauti.

“Mzee Kashindye! Mimi nimehutubia kata ile mpaka koo limeota sugu, hakuna aliyewahi kuniinukia kutoka kwenye benchi. Wewe kwa kidole kimoja umesimamisha mwalo mzima! Paroko akikuacha, mimi nakuchukua. Uwe meneja wa kampeni yangu. Leo hii. Gari liko chini, mlango uko wazi!”

“Luhende!” sauti ya Paroko ilipasuka.

“Baba, si umemwacha mwenyewe?”

Katekista Kashindye akasimama. Alivaa kofia yake, akainyoosha. Kisha akaingiza mkono shingoni, akavuta kamba iliyofifia rangi, na mwisho wa kamba ukatoka ufunguo mkubwa wa chuma. Akauweka mezani mbele ya Sabina. Mlio wake ulifika Musoma.

“Baba Paroko, unisamehe, parokiani sitafika sasa hivi. Ufunguo ninamwachia binti. Jumapili afungue yeye.”

“Baba Katekista, unakwenda wapi?” Sabina aliuliza.

Mzee alimpapasa kichwani, kama zamani, baada ya noti iliyotoka vizuri. Akatoka bila kujibu.

“Karibu, meneja!” Luhende alishangilia, akavaa kofia yake ya kampeni, akamfuata ngazini akirekebisha tai yake.

“Sabina!” Paroko aliita kwenye simu. “Sabina, hapo pana dirisha?”

“Lipo, Baba!”

“Nenda uangalie. Anapanda gari gani?”

Sabina alikimbia, waya wa hedifoni ukimburuta Chenge nyuma yake. Okwach akaja nyuma ya bega lake. Chini, gari jeupe la Luhende lilikuwa linasubiri, dereva ameshika mlango, amenyooka kama mlinzi wa ikulu.

Mzee akatokea. Luhende nyuma yake, mkono mmoja ukionyesha kiti cha mbele.

Mzee alilifikia gari jeupe. Akalipita.

Akakipita kijiwe cha bodaboda. Akafika kwenye gari kuukuu la matangazo, lenye spika kubwa juu ya paa zikitazama sokoni. Akapanda. Akafunga mlango.

Okwach alijipapasa mifuko. “Nililiacha linanguruma,” alisema.

“Amepanda lipi?” Paroko aliuliza. “Sabina! Amepanda lipi?”

Spika zikakwaruza. Njiwa wakaruka kutoka kwenye nyaya za umeme. Na ile sauti ya mzee, ambayo hata bila spika husikika mlimani, ikaujaza mtaa kutoka benki hadi stendi.

“Ndugu zangu wa Nyamagana, waumini na msio waumini. Naitwa Kashindye. Nina neno moja, na halina chama. Tusimame, tusali.”

Wauza ndizi wakasimama. Mafundi viatu wakasimama, sindano mikononi. Abiria wa bajaji wakashuka ili wapate kusimama. Na Mheshimiwa Luhende, ambaye alikuwa tayari amesimama, akavua kofia.